Jua la Kuamka: Mwanga, Maji na Ukuta katika Picha Tatu za Nzahaha

Mimi si msomi wa sanaa. Kule Bukavu kazi yangu ilikuwa kuchora vibao: kinyozi, duka la dawa, mgahawa, fundi saa. Ukiwa mchoraji wa vibao unajifunza jambo moja mapema: picha isiyosema kitu haileti mteja. Kwa hiyo nikitazama picha nauliza kwanza swali la kibao, yaani hii inaniambia nini, na inamwambia nani?

Nasema haya mwanzoni kwa sababu nataka kuandika juu ya picha tatu, na katika moja kati ya hizo nilikosea vibaya, mbele ya watu. Afadhali mnijue kabla.

Picha zilitundikwa katika darasa moja hapa Nzahaha, wakati wa likizo. Wachoraji walikuwa kumi na mmoja, wengi wao vijana wetu waliopitia Nyarushishi, wengine majirani wenyeji wa hapa. Hakuna aliyekuwa na turubai la dukani. Walichora kwenye mifuko ya unga iliyofuliwa na kukazwa kwenye fremu za mbao, wengine kwenye vipande vya shitingi, mmoja kwenye mlango wa kabati. Rangi ni zile za nyumba: rangi ya maji kwa ukuta, rangi ya mafuta kwa mageti. Shirika lililotoa rangi (sitalitaja, halina ubaya) lilikuwa limewapa vijana neno moja la kufanyia kazi: tumaini.

Basi tumaini likaja likiwa na maji. Picha nane kati ya kumi na moja zilikuwa za maji yenye jua. Na katika hizo nane, sita hazikuwa na kitu chochote kilichojengwa na mkono wa mtu. Hapakuwa na daraja, wala bati, wala nguzo ya umeme. Maji, milima, jua, na mtumbwi mmoja usio na mtu.

Hapo ndipo nilipoanza kukuna kichwa. Sisi tunakaa wapi? Toka nje ya darasa lile, simama kilimani, tazama chini bondeni Bugarama, sehemu ya chini kuliko zote katika nchi ya Rwanda. Utaona mashamba ya mpunga yaliyopangwa kwa kamba, kila kipande kina tuta lake na mfereji wake. Kuna kiwanda cha saruji kilichoanza kazi mwaka 1984. Ng'ambo ni Kamanyola, na mabati yake yanametameta mchana. Na mto wenyewe, Rusizi, unaotoka Ziwa Kivu kwenda Tanganyika, umeshuka karibu mita 700 kati ya maziwa hayo mawili. Kabla haujafika bondeni ulishazuiwa na kuta za mabwawa, ukapitishwa kwenye mashine, ukaachiwa tena. Maji ya hapa kwetu si maji ya porini. Ni maji yaliyofanyishwa kazi. Sasa mbona kwenye picha yanarudi kuwa ya siku ya kwanza ya uumbaji?

Picha ya kwanza nitakayoisema ni mojawapo ya hizo sita. Ni kubwa, ina ziwa la buluu, jua la njano la duara kama sahani, na mtende. Watu waliipenda, na wageni waliipiga picha kwa simu. Aliyeichora ana mkono mzuri, siwezi kumnyima hilo. Lakini tazameni mtende wake. Kivuli chake majini kimelala pembeni, kama kivuli cha mti kwenye uwanja wa mpira. Majini haiko hivyo. Kivuli cha nchi kavu hukimbia jua, lakini taswira ya kitu majini huanguka wima chini ya kitu chenyewe, kuelekea kwako wewe unayetazama. Nenda na beseni la maji, weka kijiti, utaona.

Mtasema, mzee huyu anatafuta makosa madogo. Hapana. Kosa hilo linaniambia kwamba mchoraji hakutazama maji. Alitazama kalenda. Alichora tumaini kama lilivyoagizwa, na tumaini la kuagizwa halina mahali pa kusimama.

Nikawaambia vijana habari ya mtu mmoja. Anaitwa Claude Monet, Mfaransa, na leo picha zake zinalindwa na polisi. Lakini mwaka 1870, vita vya Ufaransa na Prussia vilipoanza, huyu bwana alikuwa hana kitu. Alimchukua mke wake na mtoto wao mdogo, wakavuka bahari wakakimbilia London. Mwenzake Pissarro naye alikimbilia huko huko; nyumba aliyoiacha ilikaliwa na askari, na picha zake nyingi zikaharibiwa. Vijana walicheka kidogo waliposikia hivyo, kile kicheko chetu. "Kumbe na yeye alikuwa refugie," mmoja akasema. Ndiyo, kumbe.

Na huko ukimbizini Monet alichora nini? Hakuchora mashamba ya kwao. Alichora mto Thames, maji ya watu wengine, na juu ya maji hayo jengo la Bunge likiwa ndani ya ukungu, na mbele kabisa gati la mbao ambalo wafanyakazi walikuwa wakilibomoa, maana ukingo mpya wa mawe ulikuwa umekwisha kujengwa siku hizo hizo. Miti ile ya gati ni meusi, imesimama ndani ya maji ya kijivu yenye mwanga. Ukiiondoa, mwanga unakufa. Maji peke yake hayaonyeshi mwanga vizuri; yanahitaji kitu cha kuukata. Mwaka 1871 wakubwa wa sanaa wa London walizikataa kazi zake na za Pissarro, zisitundikwe kwenye maonyesho yao. Hilo nalo vijana walilielewa bila kufafanuliwa.

Muda mfupi baadaye, amekwisha rudi kwao, akachora bandari ya Le Havre asubuhi: winchi, mabomba ya moshi, mitumbwi, na jua dogo jekundu. Picha hiyo ya mwaka 1872 ndiyo iliyowapa wachoraji wale jina lao baada ya maonyesho ya Paris ya 1874. Ina siri moja ambayo mnaweza kuijaribu kwa simu. Ipige picha, kisha uigeuze iwe nyeusi na nyeupe. Jua karibu litapotea! Halina mng'ao kuliko wingu lililolizunguka. Linawaka kwa sababu ya wekundu wake kati ya kijivu. Vijana wetu wakitaka mwanga wanachovya brashi kwenye nyeupe, wanaongeza nyeupe, wanaongeza tena, mpaka jua linafanana na sahani ya plastiki. Mwanga si wingi wa nyeupe, ni jirani aliyepewa rangi yake sawasawa.

Sisi wenyewe pia tuna wazee wetu katika kazi hii, si lazima twende Ulaya kila mara. Lubumbashi ya miaka ya 1970, Tshibumba Kanda Matulu alichora historia nzima ya nchi kwenye mifuko ya unga kama hii yetu, na akaieleza kwa Kiswahili. Katika nyumba za mji huo ilikuwepo pia picha ya mamba muntu, yule mwanamke nusu samaki, ametundikwa sebuleni juu ya kiti cha wageni. Wachoraji wake walijua maji si mapambo. Maji yanatoa mali na yanadai kitu.

Picha ya pili ni ya mama mmoja, si kijana. Alikuwa akivuka na vitenge kutoka Bukavu kwenda kuuza Kamembe, asubuhi anakwenda, jioni anarudi, miaka mingi. Amechora ukuta wa bwawa la Rusizi, lile la kwanza, lililojengwa mwishoni mwa miaka ya 1950, si mbali na pale mto unapotoka ziwani. Amelichora kwa kukumbuka. Ni picha ndogo, ya kijivu, na haikupigwa simu na mtu yeyote siku ile.

Mimi nilikaa mbele yake kuliko zote.

Mama huyu ameelewa jambo ambalo sijawahi kuona likifundishwa. Juu ya ukuta, maji yametulia. Ameyachora kwa rangi ya mafuta, ile ya mageti, kwa mikono mirefu ya kulala. Rangi hiyo inang'aa yenyewe, kwa hiyo mlango wa darasa ukifunguliwa, mwanga wa nje unaingia ndani ya picha na kutembea juu ya bwawa. Chini ya ukuta, maji yanayotoka yamevunjika na kuwa povu. Hapo ameweka rangi ya maji, ile ya ukutani, isiyong'aa, kwa kugonga gonga na ncha ya brashi, na sehemu nyingine ameacha mfuko wa unga wazi. Ni kweli kabisa. Maji tulivu yanarudisha mwanga kama kioo, lakini povu halirudishi taswira ya kitu chochote. Linautawanya mwanga pande zote, unabaki weupe mtupu. Ukuta mmoja umefanya mianga miwili. Hiyo ndiyo kazi ya kitu kilichojengwa ndani ya maji, na mama ameisema bila neno.

Tena kuna mwanga wa tatu. Pembeni juu kabisa ameweka vitone vichache vya njano: madirisha ya mji, jioni. Nilidhani ni mapambo. Nikamuuliza, akanijibu kwa sauti ya mtu anayemweleza mtoto: "Papa, ile taa inatoka wapi? Si inatoka mu ile maji?" Nikanyamaza. Ni kweli, bwana. Maji yakipita kwenye mashine za ukuta ule yanakuwa umeme, na umeme unakuwa taa. Sehemu hii ya dunia mwanga hauji tu kukaa juu ya maji, unatoka ndani yake. Bwawa la pili, lililokamilika mwaka 1989, ni la nchi tatu pamoja, Kongo, Rwanda na Burundi. Watu wa mipaka hii wanaweza kugombana kwa kila kitu, lakini jioni wanawasha taa kutoka mto mmoja. Na sisi ambao hatuna waya nyumbani tunaziangalia kwa mbali.

Nina lawama moja kwake. Ukuta wake ni msafi mno. Ukuta wa bwawa una mstari, doa linaloonyesha maji yalifika wapi msimu wa mvua na yameshuka wapi. Mstari huo ndio kumbukumbu ya ukuta. Mama aliyevuka pale miaka yote aliuona. Naomba katika picha ijayo aurudishe.

Sasa nije kwenye kosa langu.

Picha ya tatu ni ya kijana wa miaka kama kumi na saba, mtu wa Kamanyola. Amechora mashamba ya mpunga yaliyojaa maji, kabla ya kupanda. Matuta yanakata maji vipande vipande, na katika kila kipande kuna kidogo cha mwanga wa machungwa. Nyuma yake mto, na juu ya mto njia moja ndefu ya mwanga inakuja moja kwa moja mpaka chini ya picha. Kisha milima, na jua limegusa mgongo wa mlima.

Kiufundi kijana huyu anajua anachofanya. Kwenye mpunga, maji ni haba na tuta linazuia upepo, kwa hiyo yanatulia, na mwanga unabaki umekaa kama sarafu. Kwenye mto maji yanakunja kunja, kila kikunjo kinashika kipande cha jua, na vipande vinapangana kuwa njia. Ameviona vyote viwili akaviachanisha. Ndiyo maana mimi, nikiwa nimepewa heshima ya kuandika maelezo ya kila picha kwenye karatasi, niliandika chini yake kwa mwandiko wangu mzuri wa vibao: "Machweo ya Bugarama." Wageni wakasoma. Mmoja wao, mfanyakazi wa misaada, mtu mwema, akasema picha hiyo ingefaa kadi ya mwisho wa mwaka: jua linatua, siku ngumu imekwisha, kesho ni nyingine.

Kijana hakusema kitu mbele yao. Jioni alinifuata nje.

"Papa, ile si jua ya kulala. Ile ni jua ya kuamuka."

Nikamwambia, mwanangu, jua hapa linatua ng'ambo, Kongo. Tunaliona kila siku.

"Hapa, ndiyo. Lakini mi sikuchora hapa. Kwetu jua inatokaka uku. Inatokaka Rwanda."

Hapo nikaelewa, na nikaona aibu. Njia ya mwanga juu ya maji ina tabia moja: daima inakuja kwa yule anayetazama. Ukisogea hatua kumi, nayo inasogea. Watu wawili wakisimama kwenye kingo mbalimbali, kila mmoja ana njia yake, na hakuna anayeiona ya mwenzake. Kwa hiyo kila picha ya mwanga juu ya maji ni cheti cha mahali. Inasema: mimi nilisimama hapa. Na kijana huyu alikuwa amesimama kwao. Milima ile nyuma ya mto haikuwa ya Kongo. Ilikuwa hii, ya Rwanda, vilima vya kwetu hapa, kama mtu anavyoviona akiwa ng'ambo, saa kumi na mbili asubuhi, kabla ya kwenda shambani na baba yake. Alikuwa ametuchora sisi kutoka nyumbani kwake. Na mimi kwa maneno matatu nilimtoa nyumbani mara ya pili, nikamleta upande huu, nikamlaza.

Nilikwenda asubuhi nikaibandua karatasi ile. Nikaandika nyingine: "Asubuhi, Kamanyola." Ukitazama tena baada ya kusoma hivyo, picha inabadilika yote. Machungwa yale yaliyokuwa ya kuaga yanakuwa ya kuanza kazi. Maji kwenye vipande vya mpunga hayangoji usiku, yanangoja watu. Hapo ndipo nilipoona kitu nilichokuwa sikukiona kwa siku mbili: kwenye tuta la tatu kuna majembe mawili yamelala. Mtu anayemaliza kazi haachi jembe shambani. Dalili ilikuwepo, mimi sikusoma.

Kwa hiyo nawaambia ninyi ndugu mnaofanya kazi na mashirika, bila hasira: msiwape vijana neno la tumaini halafu mkangoja jua. Waulizeni tu, ulisimama wapi? Swali hilo ni dogo, halimlazimishi mtu kusimulia asichotaka kusimulia. Lakini litaleta tuta, ukuta, daraja, mabati, gati, majembe. Vitu vya watu ndivyo vinavyotuambia mwanga ule ni wa saa ngapi na wa nani. Mtumbwi usio na mtu kwenye ziwa la buluu unaweza kutundikwa popote duniani, na kwa sababu hiyo hauna kwao.

Na ninyi wachoraji, nyumba za watu wengine ni zenu pia kuzichora. Monet hakungoja kurudi ndipo atazame maji. Mpunga wa Bugarama, mfereji, moshi wa saruji jioni, bati la jirani likiwaka baada ya mvua, vyote vinawangoja. Kuchora ulipo hakumaanishi umesahau ulikotoka. Yule mama amechora ukuta alioupita kati ya nchi mbili, na sijaona picha yenye kwao pawili kama hiyo.

Kadi haikuchapwa. Mfanyakazi yule wa misaada alipoelezwa alisoma karatasi mpya, akakaa kimya, kisha akamwomba kijana radhi, nami nikaomba radhi pamoja naye. Kijana akasema haina shida. Nadhani ilikuwa nayo.

Wiki iliyofuata jina lake lilisomwa kwenye orodha ya wanaopelekwa Mahama, upande wa pili kabisa wa nchi. Ameondoka na picha yake imekunjwa ndani ya kitenge. Nimefikiri sana juu ya kambi ile. Iko karibu na mto Akagera, na ng'ambo ya mto ni Tanzania, mashariki. Maana yake kijana akienda mtoni mapema, jua litatokea ng'ambo ya maji, na njia ya mwanga itakuja mpaka miguuni pake, kama kwao. Lakini milima chini ya jua itakuwa mingine, na maji yale yanakwenda Ziwa Viktoria, hayakutani kabisa na Rusizi.

Sijui ataichora vipi. Akiichora, naomba safari hii maelezo aandike mwenyewe.